Homa ya Mtu Aliyetoka Safari

Ujumbe wa sauti uliingia saa tano na robo usiku, tarehe 10 Septemba 2017, nikiwa nimekwisha kuzima taa. Mdogo wangu, ambaye wakati huo alikuwa ameishi Ubelgiji miaka 14, alikuwa akisema polepole kama mtu anayepanda mlima na mzigo mgongoni: "Yaya, niko nasikia baridi mpaka mu mifupa. Docta alisema ni grippe tu, nikunywe maji mingi." Kwetu yaya ni ndugu mkubwa, na grippe ni mafua. Kisha akanyamaza, na katika kimya kile nikasikia meno yake yakigongana. Nimefanya kazi ya maabara hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tangu mwaka 1998, na nimeyasikia meno ya watu wengi yakigongana hivyo kwenye benchi la kungojea majibu, lakini usiku ule yalikuwa ya mtoto niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe.

Nilimpigia simu papo hapo, na kabla ya kumwuliza anaumwa wapi nilimwuliza tarehe. Alikuwa amekuja Agosti kwa kilio cha mama yetu. Tulimzika mama hapa mjini, kisha tukateremka kwa njia ya Ngomo na Kamanyola hadi Sange, katika bonde la Ruzizi, kuwaona mashangazi ambao umri haukuwaruhusu tena kupanda milima kwa mazishi. Tulilala Sange usiku wa tarehe 24 hadi 27. Chandarua kilikuwa kimoja, tukawapa watoto. Yeye aliruka kurudi Ubelgiji tarehe 2 Septemba, na homa ikamwanza jioni ya tarehe 7. Nilikuwa na kalamu mkononi; nikaandika tarehe hizo nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani na kuhesabu: siku 11 hadi 14 tangu Sange.

Hesabu hiyo ilinitisha, na nitaeleza kwa nini, maana huko kuhesabu siku ni sehemu ya kipimo ambayo haihitaji hadubini wala fedha. Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum, ambacho ndicho kinachoua watu wengi katika nchi yetu, kikishaingizwa mwilini na mbu huenda kwanza kwenye ini, na huko hukaa takriban juma moja kikijizidisha bila mwenye mwili kusikia chochote. Baada ya hapo ndipo hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu, na hapo ndipo homa huanza. Kwa hiyo mtu aliyefika bondeni juzi akapata homa leo, malaria yake haikutoka katika safari hiyo; lakini mtu aliyelala bondeni siku 7 hadi 14 zilizopita akianza kutetemeka, yuko katikati kabisa ya muda wake. Kwa wasafiri wengine huchelewa hadi mwezi, na karibu wote watakaougua falciparum huugua kabla ya miezi mitatu kwisha tangu watoke kwenye eneo lenye ugonjwa. Waliokuwa wakinywa dawa za kinga bila kuzimaliza, au waliomeza kwinini kidogo au antibiotiki fulani njiani, wanaweza kuchelewa zaidi, kwa sababu dawa hizo hupunguza vimelea bila kuvimaliza.

Nilimwuliza alimwambia nini daktari wa mtaa wao. Alisema alimwambia ana homa, kichwa kinauma, anakohoa kidogo na tumbo limeharisha mara mbili. Je, alimwambia alitoka Kongo? Alifikiri kidogo. Alimwambia ametoka likizo. Naye daktari hakuuliza likizo ya wapi. Zaidi ya hayo, alikuwa amemeza paracetamoli saa moja kabla ya kwenda, hivyo kipimajoto kilionyesha 37.4, na mbele ya daktari alikaa mwanamke aliyechoka, anayekohoa, mwanzoni mwa Septemba, wakati ambapo watoto wamerudi shule na mafua yamerudi pamoja nao. Ukitazama dalili peke yake, hakuna aliyekosea. Homa, kikohozi, kuharisha, maumivu ya viungo: malaria ya siku za kwanza haina sura yake yenyewe, inaazima sura za magonjwa mengine. Hata ile homa inayokuja na kuondoka kila baada ya saa 48, tunayofundishwa shuleni, kwa mgonjwa wa falciparum mara nyingi haijapata mpangilio wowote katika siku hizo. Inapanda na kushuka ovyo. Kitu pekee kilichomtenganisha mdogo wangu na watu wengine waliokuwa wakikohoa katika chumba kile cha kungojea kilikuwa Sange, na Sange haikutajwa.

Nilimpa maneno ya kusema, akayarudia kwenye simu mara mbili mpaka nikaridhika: nimetoka Kongo siku nane zilizopita, nililala mahali penye mbu, naomba damu yangu itazamwe malaria usiku huu. Usiku huu, si kesho asubuhi. Jirani yake akampeleka hospitali kwa gari. Saa nane na nusu za usiku nikapata jibu: falciparum, chembe 4 katika kila chembe nyekundu 100 zina kimelea ndani, na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka hadi 38,000, wakati mtu mzima mwenye afya huwa nazo zaidi ya 150,000. Kushuka kwa chembe sahani ni dalili ambayo mashine yoyote ya kuhesabu damu ingeionyesha tangu ziara ya kwanza. Haithibitishi malaria, lakini kwa mtu mwenye homa aliyetoka nchi za joto inatosha kumfanya daktari ainue kichwa na kuuliza.

Nikiwafikiria waliokufa kwa kukosa swali hilo, hunijia daima Fausto Coppi, bingwa wa baiskeli wa Italia, aliyeshinda mbio kuu za Ufaransa mara mbili. Desemba 1959 alikwenda Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mashindano na kuwinda, pamoja na wenzake, mmoja wao akiwa Mfaransa Raphaël Géminiani. Waliporudi makwao, wote wawili waliugua homa kali. Damu ya Géminiani ilipimwa, malaria ikaonekana, akapewa kwinini, akapona, akaishi hadi uzee wa kupindukia. Coppi alitibiwa kama mtu mwenye homa ya mapafu na mafua, akafa tarehe 2 Januari 1960 akiwa na umri wa miaka 40. Watu wawili wa safari moja: mmoja alitazamwa damu, mwingine hakutazamwa. Kwinini ilikuwepo Italia, na hadubini zilikuwepo pia.

Wanaorudi Ulaya na malaria kwa wingi si watalii, ingawa wengi hudhani hivyo. Ni watu kama mdogo wangu: waliozaliwa huku, wanaoishi kule, wanaokuja kwa kilio, kwa harusi, kwa kuwaona wazee. Mtalii hupita kliniki ya wasafiri, hupewa vidonge, hulala hotelini penye dirisha la wavu. Mtoto wa nyumbani hulala mahali alipolala akiwa mdogo. Nilipomwuliza mdogo wangu baadaye kwa nini hakunywa dawa ya kinga, alinijibu kwa mshangao wa kweli: "Yaya, mtu anakunywaka dawa ya kwenda kwao?" Aliamini mwili wake bado unaijua malaria. Lakini kinga tunayoipata kwa kuugua mara kwa mara haikamiliki kamwe, na haikai bila kuchochewa. Mtu akiishi mbali na mbu, kinga hiyo huanza kupungua, na akirudi baada ya miaka mingi anapaswa kujihesabu kuwa mgeni. Hata hivyo, nikiwa mkweli, yeye hakuwa na kinga kubwa hata alipoondoka. Tulikulia Ibanda, hapa hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku wa Julai tunalala na blanketi mbili.

Hapo ndipo jambo hili linapotuhusu sisi tuliobaki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya pili duniani kwa wingi wa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na kwa sababu hiyo tunajiona sote kuwa watu wa malaria, kana kwamba nchi nzima ni bonde moja. Sivyo. Bukavu na Goma ziko juu, kando ya Ziwa Kivu, na baridi ya usiku hukirefushia kimelea muda wa kukomaa ndani ya mbu, kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hakijawa tayari kuambukizwa. Simaanishi kwamba Bukavu haina malaria yake. Ninao wagonjwa ambao hawajawahi kuvuka Panzi, mtaa wa hapa mjini. Ila tofauti kati ya hapa na Uvira, ambako Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi, au kati ya hapa na Shabunda iliyomo msituni, ni kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kijana aliyezaliwa Kadutu, hapa Bukavu, akienda Shabunda kutafuta maisha kwenye dhahabu, mwili wake ni mgeni huko, karibu sawa na mwili wa Mbelgiji. Akirudi na homa, ni msafiri aliyerudi, ingawa hajavuka mpaka wowote na hakuna mhuri katika pasipoti yake.

Namkumbuka mmoja wao, mwenye miaka 22 hivi, aliyekuwa akiuza betri na tochi kwenye machimbo. Alikuja ameinama, mama yake akimshika kiwiko. Kipimo cha haraka, tunachokiita TDR, kilitoa mstari mmoja tu, wa kuthibitisha kwamba kipimo ni kizima. Mstari wa malaria haukutokea. Nikatengeneza gutepesi.

Gutepesi, yaani tone nene la damu, ni kazi ya mikono kabla ya kuwa kazi ya macho. Unachoma kidole, unafuta tone la kwanza, unalipokea la pili kwenye kioo na kulisambaza kwa pembe ya kioo kingine mpaka liwe duara lenye upana wa sarafu. Kipimo cha unene tulichofundishwa ni kwamba ukiliweka juu ya gazeti uweze kusoma herufi zilizo chini yake. Unaliacha likauke lenyewe, bila moto, na hulipitishi kwenye methanoli, kwa sababu unataka chembe nyekundu zipasuke zikiguswa na maji ya rangi, ziachie wekundu wake wote, zibaki chembe nyeupe na vimelea vikiwa vimerundikana safu juu ya safu. Kando yake, kwenye kioo hicho hicho, unavuta damu nyembamba kama utando, na huu ndio unaupitisha kwenye methanoli ili chembe zibaki na umbo lake, maana aina ya kimelea hutambulikana kwa jinsi kilivyokaa ndani ya chembe. Tone nene linakuambia kama kimo. Utando mwembamba unakuambia ni kipi na ni kingi kiasi gani. Kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 10 hivi, katika maji yenye pH ya 7.2. Pembeni mwa maji hayo nimeona makosa mengi kuliko pembeni mwa hadubini: yakiwa na asidi, kiini cha kimelea kinafifia, na msomaji mwenye haraka anapita juu yake kama asiyeona jiwe ndani ya mchele.

Rangi ikikaa vizuri, kimelea kichanga cha falciparum ni pete ndogo ya buluu yenye kito chekundu, wakati mwingine vito viwili, na katika utando mwembamba utakikuta mara nyingine kimebandikwa kwenye ukingo kabisa wa chembe. Ni kitu kizuri kukitazama, na naliandika neno hilo nikijua kinachofanya. Alphonse Laveran, daktari wa jeshi la Ufaransa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuviona vimelea vya malaria, mwaka 1880 huko Constantine nchini Algeria, katika damu mbichi ya askari, bila rangi yoyote. Kila ninapoweka tone la mafuta kwenye kioo na kushusha lenzi ya 100 huwaza ilimgharimu subira kiasi gani.

Subira ndiyo inayokosekana. Kanuni ni kusoma angalau nyanja 100 za hadubini, yaani sehemu 100 za kioo zinazoonekana moja moja kwenye lenzi, kabla ya kuandika kwamba hakuna kitu, na kazi hiyo ikifanywa kwa uaminifu huchukua dakika 10 au zaidi kwa kioo kimoja. Siku ambayo watu 40 wamekaa kwenye benchi, macho yanaomba kupumzika kwenye nyanja ya 30. Kwa kijana wa Shabunda nilisoma 200, na sikuona kitu.

Jibu la namna hiyo ndilo linaloua watu, likipokewa kama neno la mwisho. Msomaji mzuri wa gutepesi anaweza kuona vimelea vikifika 50 hivi katika kila mikrolita ya damu. TDR nyingi huhitaji 100 hadi 200. Mwili uliozoea malaria unaweza kubeba vimelea vingi kuliko hivyo bila hata homa, lakini mwili mgeni unaweza kuungua kwa homa wakati vimelea bado ni vichache mno kuonekana. Isitoshe, falciparum ikikomaa hujishikiza kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, figo na kondo la nyuma, ikajitoa katika damu inayozunguka. Kwa saa kadhaa unachoma kidole cha mtu mgonjwa sana na damu ya kidole haina habari. Ndiyo maana jibu tupu kwa mtu aliyetoka safari maana yake ni moja tu: rudi baada ya saa 12 hadi 24, upimwe tena, na kama bado hakuna kitu, upimwe mara ya tatu.

Kijana alirudi kesho yake kwa sababu mama yake alimburuta. Hakuna kitu. Akarudi siku ya tatu, na katika nyanja ya 17 nikaona pete moja, kisha mbili pamoja, na nikasimama kwenda kunawa uso kabla ya kuendelea, ili nisijidanganye. Zilikuwepo. Tulipomhoji upya alikiri kwamba kabla ya kupanda ndege alinunua vidonge vya kwinini kwa mchuuzi, akavimeza siku mbili, akaacha masikio yalipoanza kuvuma. Vilitosha kuvificha vimelea kwenye hadubini yangu, havikutosha kuvimaliza. Tangu hapo, swali la pili baada ya "umetoka wapi" limekuwa "umemeza nini njiani," na naliuliza kwa sauti ya upole, kwa kuwa watu huona aibu kukiri.

TDR ina upofu mwingine ambao watu wengi hawaujui. Zile tulizokuwa nazo zilitafuta protini moja iitwayo HRP2, ambayo hutolewa na falciparum peke yake. Lakini Kongo ina pia Plasmodium malariae na Plasmodium ovale, na hizi kwa kipimo kile ni kana kwamba hazipo. Mwanafunzi mmoja wa kike alirudi kutoka Kisangani, akakaa nyumbani miezi miwili na nusu akiwa mzima kabisa, kisha akaanza homa. TDR tupu. Waliomtangulia kumwona walikuwa wamekwisha kuandika tifoide. Katika utando mwembamba nilikuta chembe chache sana zilizovimba, zenye umbo la yai na kingo zilizochanika, zikiwa na vidoadoa vyekundu. Hiyo ni ovale, ambayo huacha mbegu zilizolala kwenye ini na kuamka baada ya miezi, hata miaka. Ile hesabu ya miezi mitatu niliyoitaja ni ya falciparum. Ovale na jamaa yake vivax hazifuati. Na dawa inayofikia mbegu hizo, primakwini, haipewi mtu kabla ya kupimwa kimeng'enya cha G6PD, kwa sababu aliyepungukiwa nacho chembe zake nyekundu hupasuka. Yote hayo yasingejulikana kama kioo kisingetengenezwa.

Kosa kinyume na hilo nalo lipo, na hapa kwetu naliona kuwa kubwa zaidi. Ulaya homa haipewi jina la malaria hata inapostahili. Bukavu homa hupewa jina hilo hata isipostahili, nalo jina la tifoide huongezwa juu yake kwa kipimo cha Widal ambacho hakitofautishi vizuri ugonjwa wa leo na wa zamani. Mfanyabiashara mmoja wa samaki alipanda kutoka Uvira akiwa na homa na TDR yenye mistari miwili minene. Aliyempima alikwisha kumwandikia dawa. Nilimwuliza kama alitibiwa malaria hivi karibuni, akasema ndiyo, majuma mawili yaliyopita, Uvira, akamaliza vidonge vyote. Protini ya HRP2 hubaki ndani ya damu kwa majuma kadhaa baada ya vimelea kufa, hivyo mistari ile ilikuwa ikisimulia ugonjwa uliopita. Katika gutepesi yake hapakuwa na pete hata moja; palikuwa na vimelea viwili tu vyenye umbo la ndizi, ambavyo husalia baada ya matibabu na havimletei mtu homa. Daktari akaweka sikio kifuani mwake: ilikuwa homa ya mapafu. Dozi ya pili ya malaria ingemcheleweshea siku tatu.

Wakati wa Ebola tulijifunza jambo hilo kwa hofu. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Kivu ya Kaskazini ulifika Goma Julai 2019, na mwezi uliofuata ukafika Mwenga, katika jimbo letu. Siku za kwanza, Ebola na malaria hufanana kwa homa, kuumwa kichwa na uchovu, na wapo waliokutwa na yote mawili kwa pamoja. Mtu aliyekuwa na mistari miwili kwenye TDR hakuwa huru. Ilibidi bado aulizwe alipita wapi, alimzika nani, alimwuguza nani. Waliouliza vizuri katika majuma yale ndio waliowalinda wenzao.

Swali lenyewe nalo lina mipaka, na ni haki niiseme. Septemba 2020, huko Kampenhout nchini Ubelgiji, mume na mke wastaafu walikufa kwa malaria bila kusafiri kokote. Nyumba yao ilikuwa karibu na uwanja wa ndege wa Brussels, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba mbu alisafiri ndani ya ndege akashuka, akawauma. Kwao, "umetoka wapi" ingejibiwa "nyumbani," na jibu lingekuwa kweli. Habari ile nilimtumia mdogo wangu. Alijibu kwamba katika hospitali iliyomtibu, baada ya kisa kile, homa isiyoeleweka na chembe sahani zilizoshuka zilitosha kumfanya mtu atengenezewe kioo, awe amesafiri au la. Nilifurahi kusikia hivyo kuliko ninavyoweza kuandika.

Yeye alitibiwa kwa artesunate ya mshipani, dawa ambayo utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, Kinshasa ikiwa miongoni mwa vituo vyake, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya watoto wa Afrika wenye malaria kali kwa zaidi ya moja ya tano ikilinganishwa na kwinini. Siku ya tatu damu yake ilikuwa safi, siku ya sita akarudi nyumbani. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini madaktari wake walimwagiza arudi kila juma kwa mwezi mzima, wakijua kwamba kwa wasafiri waliotibiwa kwa artesunate hutokea, kati ya juma la kwanza na la tatu, chembe nyekundu kupasuka kwa wingi wakati vimelea vimekwisha kuondoka. Juma la pili hemoglobini yake ilikuwa imeshuka kutoka 11 hadi 7.6, mkojo ukawa wa rangi ya chai. Mtu asiyejua angeandika kwamba malaria imerudi, akaanza dawa upya. Walimtazamia kioo, hakina kitu, wakamwongezea damu na kungoja. Alipona.

Fomu ya maabara yetu ina nafasi ya jina, umri, jinsia, mtaa na kipimo kinachoombwa. Nafasi ya safari haimo. Mwaka ule nilianza kuandika kwa mkono, juu kulia, "Ametoka: … Lini: … Amemeza: …" na vijana ninaofanya nao kazi wakaniiga, ingawa wengine walilalamika kwamba huko ni kuongeza kazi juu ya kazi. Pia nimeacha kupeleka jibu la "plusi mbili" peke yake, yaani alama za kukadiria tu wingi wa vimelea. Nahesabu vimelea nikilinganisha na chembe nyeupe 200, nazidisha kwa 40 kupata idadi katika kila mikrolita, naandika namba, kwa sababu plusi mbili za kesho haziwezi kumwambia daktari kama mgonjwa amepanda au ameshuka.

Mdogo wangu alirudi tena mwaka 2022, kwa harusi ya mwanangu. Safari hii alikuwa na vidonge vyake, na hata Sange alilala ndani ya chandarua chake mwenyewe alichokileta kwenye begi. Siku ya kumi baada ya kufika kwake Ubelgiji alipata homa, nami nikapata ujumbe asubuhi, lakini ulikuwa umetumwa kutoka hospitali, akiwa tayari ameketi na pamba kwenye kidole. Maneno yale aliyasema mlangoni kabla hajaulizwa jina. Kioo cha kwanza hakikuwa na kitu, wakamwambia arudi jioni. Cha jioni hakikuwa na kitu, akarudi kesho yake. Cha tatu nacho kilikuwa safi, na kipimo cha pua kikaonyesha mafua.